Usiseme Inavuta

Nimekabidhi funguo za karakana, bisibisi tatu na kiti kilichovunjika mkono, na mwenzenu Wafula ameniomba niwaandikie nyinyi mliobaki yale ninayoyajua kuhusu kompyuta. Nilimwambia kwamba mengi niliyoyajua yameshazikwa. Akanijibu, "Basi andika yaliyobaki, Madam." Yaliyobaki ni machache, na zaidi yanahusu feni. Msicheke. Ningekuwa mpishi ningewaandikia kuhusu moto.

Karakana yetu mnaijua: chumba kimoja nyuma ya ofisi za kampuni ya kutoa mizigo, hapa Changamwe, dirisha limetazama mahali matrela yanapogeuzia. Siku niliyoingia mara ya kwanza dirisha hilo halikuwa na kioo. Vumbi liliingia bila kupiga hodi, la saruji, la ngano, la barabara, na ndani yake mlikuwa na ile chumvi ya bahari isiyoonekana ambayo hula bati kimyakimya. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu ndani ya bahasha ya kaki, nimevaa viatu vya visigino. Fundi Kombe aliitazama bahasha, akavitazama viatu, kisha akaniuliza kama nina ndara.

Fundi Kombe alikuwa mtu wa Mjambere, mrefu, mwembamba, na sauti iliyokuwa kubwa kuliko kifua chake. Akiita mtu kutoka stoo, madereva wa matrela waligeuka kule nje. Asubuhi ile ya kwanza aliita, "Jumwa!" Nikajibu, "Nini?" Kimya. Akaita tena. Nikasema, "Ee?" Kimya vilevile. Mama aliyekuwa akitupikia chai akaninong'oneza, "Mwitikie vizuri, mwanangu, la sivyo leo hutapata kazi." Mara ya tatu nikasema, "Abee," na Fundi akatoka stoo na boksi la nyaya mikononi kana kwamba hakuna lililotokea.

"Sasa najua upo," alisema. "Mtu akiita asiitikiwe, hajui kama ameita au amewaza."

Nilidhani ni ukali wa wazee tu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilijua kila kitu.

Juma lilelile nilipewa kompyuta ya karani wa mizigo iliyokuwa ikijizima kila ifikapo adhuhuri. Niliifungua, nikatoa vumbi la kujaza kibaba, nikafunga feni mpya mbele ya kasha. (Kasha, ambalo nyinyi nyote mnaliita CPU. Nimewasahihisha mpaka nimestaafu.) Fundi Kombe akaja akainama.

"Umeifungaje?"

"Inavuta, Fundi."

"Inavuta nini?"

"Hewa."

"Kutoka wapi kwenda wapi?"

Nikaitazama feni. Akatia mkono kwenye mfuko wa shati, pale alipoweka tesita yake ya kupimia umeme, akatoa unyoya wa kuku. Unyoya mdogo, mweupe, umechoka. Akaushika mbele ya feni yangu, nao ukapeperuka kunielekea usoni. Feni ilikuwa inatoa hewa ya ndani na kuitupa nje, na ile ya nyuma ilikuwa inafanya kazi hiyohiyo. Hakuna hata moja iliyokuwa inaleta hewa mpya. Hiyo kompyuta ningeiua kabla ya adhuhuri kwa mikono yangu mwenyewe, na cheti changu kimo ndani ya bahasha.

"Kisima huvutwa maji yakatoka," akasema Fundi. "Mlango huuvuta ukiwa ndani, na huuvuta ukiwa nje. Neno moja, kazi mbili. Kwangu usiseme inavuta. Sema inaingiza, au inatoa."

Kwa hiyo huu ndio urithi wangu wa kwanza kwenu, na wengine tayari mmeuchoka. Mwataka kujua feni inapuliza upande gani? Tafuteni mshale mdogo ubavuni. Msipouona, tazameni upande wenye vile vijiti vinavyoshika mota katikati: hewa hutokea huko. Msipoamini macho yenu, shikeni unyoya. Kuku wa hapo jirani Chaani ni wengi na manyoya hawauzi.

Miaka ya katikati sitawachosha nayo. Nilitoa mijusi kwenye masanduku ya umeme, mingine imekaukia humo kama vielelezo vya somo la sayansi. Nilitengeneza mashine ambayo mwenyewe aliifunika kitambaa cha kufuma, ikiwa imewashwa, ili isipate vumbi, kisha akashangaa inanuka. Nilijifunza kusikiliza. Fundi Kombe alikuwa akifumba macho mbele ya kompyuta kabla ya kuifungua. Beringi iliyokauka hukwaruza. Panga la feni likigusa waya hutatarika. Hewa inayopita penye wavu mwembamba mno hupiga mluzi. Nami nikawa nafumba macho, na watu wa ofisini wakadhani tunaziombea.

Alipostaafu aliondoka na kitu kimoja tu: kasha la seva ya zamani lililokuwa litupwe, pana, zito, la chuma hasa. Akalijaza vipande vizima vya kompyuta mbovu, kimoja kimoja, kwa muda mrefu, nyumbani kwake Mjambere. Alikuwa anamtengenezea mkewe. Majirani wote humwita mkewe Mama Dama. Fundi peke yake ndiye anayemwita Sidi. Mama Dama ni mpigaji chapa: mitihani ya shule, nyimbo za kwaya, programu za mazishi. Ana macho yanayotaka kioo kikubwa na vidole vinavyotaka vitufe vya kubonyeza, si vya kupapasa. Siku kasha lile lilipowaka, Fundi alinipigia simu nilisikilize. Lililia kwa vifeni vitatu vidogo vya mbele, vile vya seva, ambavyo hukimbia kama vinadaiwa. Nilimwambia, "Fundi, hili ni ndege." Akacheka. "Sidi hajali," alisema. "Mimi nikimwita atanisikia." Na kwa sauti ile, ilikuwa kweli.

Kisha kiharusi kikampata.

Nilipokwenda kumwona alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha chumba cha mbele, mkono wa kulia umetulia juu ya shuka. Nikainama, "Shikamoo, Fundi." Midomo ikacheza. Nilisubiri nisikie, kisha nikagundua kwamba ameshajibu. Marahaba yake ilikuwa imetoka, ila imetoka nyembamba mno. Daktari alisema nguvu za miguu huenda zikarudi. Kuhusu sauti hakuahidi. Nilitoka nje nikajifanya nazungumza na simu, nikalia.

Mama Dama hakuacha kazi, wala Fundi hakutaka aiache. Nyumba ni chumba hicho cha mbele, kimoja cha nyuma chenye jiko, na paa la mabati juu ya vyote viwili. Kwa hiyo meza ya kompyuta ilikuwa palepale, hatua nne kutoka kitandani. Joto la mabati likipanda, vifeni vilikimbia zaidi, na kelele ikaongezeka.

Alasiri moja alikuwa anapiga chapa programu ya mazishi ya watu, ameinamia maandishi ya kalamu yasiyosomeka. Fundi aliita. Aliita tena. Alipoona kimya akajaribu kuifikia kata ya maji mwenyewe, akateleza. Mama Dama alipogeuka kutafuta karatasi alimkuta nusu yake iko chini, shavu limeegemea mbao za kitanda, na midomo bado inacheza.

"Alikuwa ananiita, Jumwa," aliniambia siku ya pili, tumekaa jikoni ili Fundi asitusikie. "Mume wangu ananiita jina langu, nami nimempa mgongo. Haki ya Mungu, mashine hii itoke. Nitauza maandazi."

Nilimuuliza kama amejaribu kumpa kengele.

"Amekataa. Ati yeye si mbuzi."

Hapo nilimwelewa Fundi vizuri. Lakini nilipoingia chumbani kumwambia kwamba labda tutafute laptop, yeye ambaye hakuwa na sauti alinitazama kwa namna ambayo niliisikia mpaka kwenye visigino. Kasha lile alilifunga mikono yake ingali inamtii. Likitoka mle, kazi ya mwisho ya mikono ile imetoka, na mkewe amegeuka muuza maandazi kwa sababu yake. Nikamwahidi. Nilisema, "Niachie juma moja, Fundi. Litabaki, na atakusikia." Nilipofika barabarani nikajiuliza nani alinituma kuahidi.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye kazi. Watu wakitaka kimya hupunguza feni. Wanang'oa moja, wanabaki na mbili, na mashine inakaangika. Njia ni kuongeza ukubwa na kupunguza haraka. Feni ndogo hupata hewa kwa kukimbia, na kukimbia ndiko kunakopiga kelele. Feni kubwa huzunguka polepole na huleta hewa ileile, mtu mzima habebi maji kwa kikombe. Kasha la seva lilikuwa pana, nikapima, nikaona feni moja ya milimita mia mbili itaingia mahali pa vile vitatu vya mbele, upana wa sahani ya wali. Ikizunguka mara mia sita au mia saba kwa dakika, hutasikia kitu.

Nilikwenda kuitafuta mjini. Muuzaji wa kwanza alinionyesha moja yenye taa za rangi saba.

"Chukua hii, mama. Inapendeza."

"Inalia?"

"Hailii hata kidogo."

"Iwashe tuisikilize."

"Hapa dukani pana kelele, hutaisikia."

"Basi tuingie stoo."

Alinitazama kama anayetafuta walinzi. Tukaingia stoo, tukafunga mlango, nikafumba macho. Ya taa ilikuwa inakwaruza. Feni yenye taa saba na beringi mbovu ni bibi harusi mwenye kikohozi. Ya pili ilitetemeka mkononi, na kitu kinachotetemeka ukikifunga kwenye bati, bati lote litaimba. Ya tatu ilikuwa nyeusi, haina pambo, na ilipowaka nilidhani haikuwaka. Nikainunua pamoja na vishikizo vya mpira vinne badala ya skrubu, kwa sababu mpira haupokei mtetemo. Msisome namba za kelele zilizoandikwa kwenye boksi. Zimepimwa katika vyumba ambavyo havina bati juu wala jirani. Ingieni stoo.

Uso wa kasha niliuchukua karakana nikaukata nafasi ya duara, maana ulikuwa na vitundu vidogo vya kupita punje ya mchele tu, na feni kubwa ukiiziba mdomo ni kazi bure. Mbele nikaupachikia kipande cha chandarua kipya, kinachovuliwa na kufuliwa. Chandarua huzuia vumbi la kutosha na hewa hupita bila mluzi.

Kisha nikashikwa na homa. Siku ya ahadi ilipofika nilikuwa kitandani nimejifunika leso tatu, na Wafula akajitolea kwenda. Wafula, usikasirike, naliandika hili kwa kujishtaki mwenyewe. Wewe ni fundi mzuri, una watoto wanne na kipara, na ulifanya ulivyoambiwa. Ni mimi niliyekuambia kwenye simu, meno yakigongana, "Kubwa ile mbele. Hakikisha inavuta."

Jioni alinipigia. "Tayari, Madam. Inavuta vizuri sana."

Nililala usingizi mtamu.

Siku mbili baadaye Mama Dama akapiga simu. Hakulalamika. Alisema tu kwamba amemwita kijana wa mkokoteni aje alibebe kasha alasiri, na kwamba ananishukuru kwa kuhangaika. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia kabla ya kushika simu. Nikavaa kanga juu ya homa yangu, nikamchukua Wafula kazini, tukaenda Mjambere.

Tulisikia kelele kutoka uani. Feni kubwa ilikuwa kimya, naam, lakini kile kifeni cha juu ya kichakataji, ule ubongo wa mashine, kifeni ambacho hukimbia kikiona joto, kilikuwa kinapiga yowe. Niligusa bati la kasha nikaondoa mkono. Nikakagua nyaya, nikakagua chandarua, nikakagua duara nililolikata. Kila kitu kilikuwa sawa. Mama Dama alisimama mlangoni amefunga mikono, anatazama njia atakayotokea mkokoteni.

Midomo ya Fundi ikacheza. Niliona kwa sababu nilikuwa nimegeuka. Nikaenda nikaweka sikio karibu na mdomo wake, kama mwenye kusikiliza beringi.

"Inavuta," alisema, "kutoka wapi kwenda wapi?"

Nilihisi damu ikipanda usoni mpaka homa ikaona aibu. Nikamgeukia Wafula. "Hii ya mbele inaingiza au inatoa?"

"Si ulisema ivute, Madam? Imevuta. Inavuta joto, inatoa nje. Ya nyuma pia nimeangalia, inavuta poa."

Kamba imevutwa pande zote mbili: mbele inatoa, nyuma inatoa, hakuna inayoingiza. Miaka yote ile, na kosa langu la juma la kwanza nilikuwa nimelituma Mjambere kwa simu, likafungwe kwa mikono ya mtu mwingine.

Fundi alikuwa ananitazama. Uso wake haukuwa unacheka upande wote, lakini upande uliokuwa hai ulikuwa unacheka. Jicho likaenda kwenye shati lake lililotundikwa ukutani. Nikatia mkono mfukoni. Tesita ilikuwamo, na unyoya ulikuwamo, mwembamba kuliko nilivyoukumbuka. Au labda ulikuwa mwingine, sikuuliza. Nikaushika mbele ya kasha na ukapeperuka kunielekea usoni, vilevile kama zamani.

Tukazima. Wafula akatoa vile vishikizo vinne vya mpira, akaigeuza feni, akaifunga tena. Tukaacha bati lipoe wakati Mama Dama anamlipa wa mkokoteni maneno matamu badala ya mzigo. Kisha nikawasha. Safari hii unyoya ulikimbilia kwenye chandarua ukakaa hapo, umenata. Kifeni cha juu kililia kidogo, kikanyamaza. Nikasikia kuku wa jirani. Nikasikia saa ya ukutani, ambayo sikuwahi kujua kama inatembea.

"Imezimika?" Mama Dama aliuliza.

"Imewaka, mama. Keti ufanye kazi."

Hakuniamini. Alikaa kwa shingo upande, akavuta karatasi za kwaya, akaanza kupiga chapa taratibu, kisha kwa kasi yake. Mgongo wake ulikuwa kwa kitanda. Mimi nilipiga magoti nikawa nakusanya vifaa, Wafula amesimama hajui pa kuweka mikono.

"Sidi."

Ilikuwa pumzi tu. Hata mimi niliyekuwa karibu nusura iniponyoke.

"Abee," alijibu Mama Dama, vidole vyake vingali vinaenda.

Vikaenda kidogo zaidi, kisha vikasimama. Hakugeuka mara moja. Alikaa hivyo na viganja juu ya vitufe, halafu akageuka na kiti kizima.

"Umeniita?"

Fundi akaitika kwa kichwa.

"Wataka maji? Nikugeuze?"

Tulisubiri wote, maana maneno yake yalichukua muda kufika.

"Sitaki kitu," alisema. "Nimekuita tu."

Mama Dama akajifuta uso kwa pembe ya leso, akarudi kwenye nyimbo zake. Sikuwa nimefunga zipu ya begi wakati Fundi alipomwita tena, na akaitikiwa.